Saiti mira ya kushoto

Umeme ulikuwa umekatika. Saa mbili usiku, nimekaa kwenye ngazi ya baraza, simu yenye tochi nimeibana kwa kidevu, saiti mira ya gari mapajani. Fundi angekuja asubuhi kuifunga, na kabla hajafika nilitaka kuhakikisha jambo moja tu: waya.

Saiti mira za Toyota Carina Ti huja na waya tatu au tano. Tatu ni za kukichezesha kioo, juu, chini, kulia, kushoto. Mbili za nyongeza ni za kuikunja yote. Gari langu linataka tano. Niliwahi kununua yenye tatu nikajiambia si neno, matokeo yake nikawa nashuka kuikunja kwa mkono kila nikiegesha kwenye uchochoro wetu, iwe mvua iwe jua.

Tano zilikuwepo. Nikafurahi. Nilipokuwa naizungushia tena gazeti lake, mwanga ukapita ubavuni mwa ile plastiki nyeusi, upande wa chini ambako hakuna anayetazama, nikaona mikwaruzo. Haikuwa ya kuanguka wala ya kugongwa. Ilielekea upande mmoja, imelala pamoja, kama iliyopitishwa msasa. Juu yake rangi nyeusi ya kupuliza, mbichi kuliko sehemu nyingine zote.

Kioo chenyewe nacho kilikuwa kipya. Mchana nilikiona kama bahati.

Nikaingia ndani, nikatoka na kopo la poda ya mtoto. Nikanyunyiza kidogo, nikapangusa kwa kiganja.

T. Nafasi. 4. Tarakimu iliyoliwa na msasa. 7. Nafasi. B. Baada ya hapo hakuna kitu.

Mtu alikuwa amechora namba ya gari lake hapo, na mtu mwingine alikuwa ameifuta.

Elfu thelathini na tano

Ile iliyotangulia hii ilivunjwa na bodaboda kwenye foleni ya Barabara ya Mandela. Kijana alipita katikati yetu, akaiparua, akageuka kunipungia mkono wa samahani, akaendelea na abiria wake. Sikumkasirikia sana. Ningekuwa na haraka kama yake labda ningepita hapohapo.

Tatizo lilikuwa gari lenyewe. Carina iliacha kutengenezwa mwaka 2001, Toyota walipoingiza Allion mahali pake. La kwangu ni la 1998. Ukitaka saiti mira mpya utapewa ya kuiga, inayokaa na pengo la kupitisha kidole kati yake na mlango, na ukifika spidi themanini inaanza kupiga mluzi. Ninaye rafiki anayeendesha na mluzi huo mwaka wa pili sasa, anasema amezoea. Mimi sitaweza.

Basi nikaenda Gerezani, kwenye maduka ya spea pale Kariakoo, kama sote tunavyofanya.

Sijakanyaga vizuri lami nikadakwa na winga, mmoja wa wale vijana wanaodaka wateja na kuwatafutia spea. "Dada karibu, gari gani? Ti? Kushoto? Kaa hapa, usiende popote." Akaniachia kigoda mbele ya duka ambalo wala si lake. Akazama kwenye kichochoro. Dakika ishirini baadaye akarudi na saiti mira imezungushiwa gazeti.

"Hii Japani moja kwa moja, dada'angu. Haijagusa vumbi la Bongo."

Aliitaja kwa sabini. Nikamalizana naye kwa elfu thelathini na tano, nikaondoka najiona mjanja wa mjini. Alikwenda wapi kwa dakika ishirini, sikumuuliza. Nilinunua maji, nikanywa, nikamsubiri.

Kicheko chetu

Utani huu kila mtu wa Dar anaujua. Ukiibiwa taa au saiti mira usiku, usipoteze muda kulia, wahi asubuhi Gerezani ukainunue kabla hajaiona mwingine. Nina shemeji aliyeibiwa zote mbili siku moja, akaenda, akauziwa, na mpaka leo anaapa kwamba zilikuwa zake mwenyewe, maana ya kulia ilikuwa na stika ya shule ya mtoto. Kila tukikutana kwenye shughuli anaisimulia upya, na kila mara tunacheka mpaka machozi. Dada yangu aliyeolewa Nairobi anasema kwao utani ni huohuo, ila mtaa ni Kirinyaga, ambao wenyewe bado wanauita Grogan.

Ndiyo sababu tunachora namba. Unampata kijana mwenye kimashine chake barabarani, anakuchorea kwenye vioo vyote, taa, saiti mira, ili mwizi aone kazi ya kuifuta ni kubwa kuliko faida. Mimi sikuwa nimechora. Nilikuwa najiambia gari kuukuu kama hili nani atalitaka.

Nilivyokaa pale barazani na poda kwenye kiganja nikagundua kwamba katika kisa cha shemeji nilikuwa nacheka nikiwa upande wake. Mnunuzi mwingine, yule ambaye angefika asubuhi akaiwahi kabla yake, sikuwahi kumfikiria ana sura gani.

Kibati cha kwenye boneti

Naomba nijisifu kidogo, kwa sababu bila sifa hii hamtaelewa kilichoniuma.

Mimi ni mtu anayeulizwa. Wafanyakazi wenzangu wenye magari ya umri wa langu, akina namba A na namba B (ile herufi inayofuata tarakimu kwenye namba ya gari), wakitaka spea wananipigia kwanza. Nilianza kujifunza baada ya kununua brekpedi mara tatu kwa wiki moja, kila mara nikisema "za Carina", kila mara zikigoma. Mzee mmoja muuza duka akanionea huruma, akatoka nje, akafungua boneti, akanionyesha kibati cha alumini kwenye ukuta wa nyuma ya injini. "Usiniambie Carina," akasema. "Nisomee hapa."

Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana ile namba ndefu ya herufi na tarakimu kumi na saba. Yana namba ya fremu: kwangu inaanza AT212, kisha kistari, kisha tarakimu saba. AT212 ni injini ya 5A, sentimita za ujazo 1,498. AT211 ni 7A, ya 1,800. Kwa nje ni pacha, na nyote mnasema Ti. Ukishaisoma ile namba, muuzaji anaacha kukukisia.

Kutoka hapo nikaingia kwenye namba za spea zenyewe. Spea ya Toyota ina herufi na tarakimu kumi, tano, kistari, tano. Tano za mwanzo zinakwambia ni kitu gani: 04465 ni brekpedi za mbele, 16100 ni pampu ya maji, 16400 ni rejeta, 13568 ni mkanda wa taimingi, 43330 ni bolijointi. Tano za mwisho ndizo za kusema ni ya gari lipi. Siku nilipolielewa hilo nilihisi kama mtu aliyefundishwa kusoma ukubwani. Nilitembea dukani nikisoma maboksi.

Nikajua pia kwamba Toyota hawatengenezi kila kitu wenyewe. Pampu ile ile inatoka kwa Aisin, plagi kwa Denso, shokomzoba kwa KYB, bolijointi za 555 ziko kwenye magari ya nusu ya mtaa wetu. Ukinunua kwenye boksi la aliyeitengeneza unaweza kuokoa hela nzuri, alimradi boksi lenyewe liwe la kweli, na hapo ndipo kwenye kazi. Nikajua kwamba injini yangu imo pia kwenye Corolla AE110, kwa hiyo kikikosekana "cha Ti" naulizia cha Corolla. Nikajua ya kununua mtumba bila wasiwasi: mlango, taa, kioo, mota ya pawa windo, hata giaboksi ukiwa na fundi wa kukusikilizia. Na yasiyonunuliwa mtumba hata kwa bure: brekpedi, mkanda wa taimingi, mipira ya breki, bolijointi. Bolijointi ikichomoka tairi linalala kama mguu uliotegukia kiunoni, na haichagui iwe uchochoroni au Kibaha kwenye mwendo.

Nikajua hata kwa nini spea za Japani zinatufaa kuliko za Dubai. Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi, usukani kulia, taa zao zinamulika upande wetu. Kule gari jipya linakaguliwa baada ya miaka mitatu, halafu kila miaka miwili, na ukaguzi una gharama. Mwenye gari anaona bora aachane nalo lingali zima. Linauzwa, au linakatwa, na huku tunapokea kontena lenye pua nzimanzima, injini, rejeta na taa zikiwa mahali pake kama samaki aliyekatwa kichwa.

Yote hayo nilikuwa nayajua siku nanunua ile saiti mira. Winga alipotamka Japani, mtu kama mimi nilipaswa kuigeuza na kuitazama chini. Japani hawachori T juu ya saiti mira.

Niliigeuza. Nilihesabu waya.

Sababu ya kuamini

Fundi alifika asubuhi nikamwonyesha. Akaitazama kama daktari anavyotazama kidonda cha mtu mwingine.

"Dada, hii ya gari lililokatwa."

Akanieleza, na maelezo yake yalikuwa na akili. Gari likipata ajali mbaya, bima inaliuza kama lilivyo. Wapo wanaonunua na kulichambua kipande kimoja kimoja. Vioo vina namba, taa zina namba, saiti mira ina namba. Mteja gani anataka kutembea na namba ya marehemu? Basi wanapiga msasa, wanapuliza rangi. Biashara halali kabisa.

"Na kama siyo?"

"Kama siyo, wewe ulijuaje?" Akachukua bisibisi. "Spea haina kabila, dada. Ikishafungwa ni ya gari lako."

Akaifunga. Ilikaa kama imezaliwa nayo. Nikabonyeza swichi, ikajikunja, ikajikunjua. Hata mlio wake mdogo ule wa mota ulinifurahisha, nakiri.

Ila neno lake moja likabaki: ulijuaje. Kanuni yetu ya Adhabu inamgusa anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Kujua sikujua. Mbele ya hakimu yeyote ningesimama nikasema sikujua, na ningekuwa nasema kweli. Hicho kipande cha pili ndicho kilichokuwa kinanisubiri usiku. Sababu ya kuamini nilikuwa nayo tangu lini? Tangu poda? Tangu kioo kipya? Au tangu dakika ya kwanza juu ya kile kigoda, nilipoona heri ninunue maji kuliko kumfuata yule kijana kichochoroni?

Bei yenyewe ilikuwa inasema. Saiti mira ya Ti yenye waya tano, kioo kipya, haishuki kutoka sabini hadi thelathini na tano kwa maneno yangu matamu. Nilitaka iwe ni maneno yangu.

Wiki tatu zilizofuata nilikuwa mtu wa ajabu barabarani. Kila Carina iliyokuwa mbele yangu niliitazama ubavu wa kushoto. Tazara, Buguruni, Tabata. Nilikuwa natafuta T 4-kitu-7 B. Mara moja Ubungo niliiona yenye 4 na 7, moyo ukapiga, nikavuka mstari wa kona nisiyokwenda ili niisogelee. Ilikuwa namba C, na saiti mira zake zote mbili zilikuwepo, nzima, na mwanamke aliyekuwa anaendesha akanitazama kwa jicho la "huyu naye ana nini".

Ningemwambia nini lakini? Shusha kioo, dada, nimevaa kitu chako?

Nilirudi

Jumamosi ya nne nilikwenda tena. Winga sikumwona. Wapo mamia, na wengi wao ni vijana wa kawaida wanaokula kwa miguu yao na midomo yao. Sitaki mtu asome hapa aondoke akidhani Gerezani yote ni pango. Yule mzee wa kibati yuko hapohapo, mwaka wa sita sasa, na hajawahi kuniuzia kitu bila risiti ya mashine.

Nikaingia kwenye kichochoro alichozama yule kijana. Sikujua natafuta nini. Nilikuta duka dogo limejaa milango imesimamishwa kama vitabu kabatini, taa zimening'inizwa juu, na mwenye duka anakula mihogo. Nikamwonyesha picha ya saiti mira kwenye simu, nikamuuliza kama ndiye aliyeitoa.

"Inawezekana," akasema. "Ina shida gani? Haijikunji?"

"Ina namba imefutwa."

Hakushtuka. Akatafuna, akameza, akaniambia karibu vilevile alivyosema fundi: gari la ajali, linanunuliwa zima, wateja hawapendi namba za watu. Akanyoosha mkono akanitolea taa ya nyuma yenye namba nzima, haijafutwa. "Hii nimeshindwa kuiuza miezi mitano. Ukifuta, wiki moja."

"Ungekuwa na karatasi za hilo gari la ajali ungenionyesha?"

Hapo akaacha kula. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kuulizwa hivyo na nani.

"Dada, ulipokuja ulitaka karatasi, au ulitaka bei?"

Nikamwambia asante. Nikatoka nje, nikasimama juani pembeni ya pua ya Noah iliyokatwa, nimeshindwa kujua kama nimejibiwa.

Nimebadilika kidogo tangu hapo, nisijifanye malaika. Sasa naomba risiti kwanza kabla ya kuuliza bei, na mara mbili bei imepanda papo hapo machoni pangu. Mara moja nimelipa. Mara ya pili, ilikuwa mota ya waipa na mvua zimekaribia, niliirudisha mezani, nikazunguka soko lote, nikachoka, nikarudi kuichukua bila risiti.

Kijana wa kimashine

Jumapili iliyopita nilikwenda kuchora. Yuko chini ya mwarobaini karibu na sheli yetu, ana kimashine kinachotumia betri ya pikipiki na kibati chenye herufi zilizotobolewa. Alianza na vioo vya milango, akaenda nyuma, akaja taa. Kazi yake ina mlio kama mbu aliyeingia kwenye chupa. Mimi nilikaa kwenye benchi nikila machungwa.

Alipofika saiti mira ya kushoto alizima mashine.

Akapitisha dole gumba chini, taratibu, mara mbili. Akainama. Yeye hakuhitaji poda.

"Hapa kuna mtu alishachora."

"Najua."

Akanitazama, akaitazama Carina, akarudi kwangu. Kazi yake ni hii, bila shaka ameshakutana nayo zaidi ya mara moja.

"Nipite juu yake? Ikipita juu haitaonekana tena."

Nilikuwa na chungwa mdomoni, kwa hiyo nilipata muda.

"Chora pembeni," nikamwambia. "Hiyo iache."

Akainua mabega, akasogeza kibati upande wa kulia, akawasha. Alipomaliza akapuliza ule unga mweusi, akapangusa kwa shati. Nikainama kutazama. Namba yangu imekaa vizuri, herufi zimenyooka, na kando yake, ukiujua mwanga wa kuuelekeza, bado ipo ile T, na 4, na pengo, na 7, na B.

"Elfu kumi, dada."

Nikampa. Nikamuuliza kama anatoa risiti, akacheka sana.